UKURASA WA AFYA: Siku arobaini juu ya makaa



Sisi wauguzi tunamtambua mtoto anayelala jikoni kabla hata ya kumwuliza mama yake neno. Akifunguliwa kanga kitandani, nguo zake zinanuka moshi, pua zinachezacheza, na mbavu zinaingia ndani kila avutapo pumzi. Mama anasema, "Ni mafua tu, sista." Mara nyingi si mafua tu. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo hili, lakini tupitie mbali kidogo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mpaka kisiwa cha Timor nchini Indonesia. Wakati mwingine mtu huiona nyumba yake vizuri zaidi akitokea kwa jirani.

Tukisikia Indonesia wengi wetu tunafikiri ni nchi ya Waislamu watupu. Ni kweli Waislamu ndio walio wengi. Lakini kusini-mashariki, katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur, Wakristo ndio wengi, na parokia zimeenea mpaka vijijini. Papa Yohane Paulo II alifika huko, katika mji wa Maumere kisiwani Flores, Oktoba 1989. Hata hapa Afrika Mashariki wapo mapadre wa Shirika la Neno la Mungu waliozaliwa visiwa hivyo. Kisiwa cha Timor kimegawanyika: upande wa mashariki ni nchi huru tangu mwaka 2002, na upande wa magharibi ni Indonesia.

Katika milima ya Timor Magharibi, pande za miji ya Soe na Kefamenanu, wanaishi watu wa kabila la Atoni. Ni wakulima wa mahindi kama sisi. Mvua yao ni fupi, huanza karibu na Desemba na kuisha Machi au Aprili, halafu ardhi inakauka miezi mingi, na akina mama na watoto wanafuata maji kwenye chemchemi za mbali. Januari na Februari ni miezi ya njaa: mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya bado yako shambani. Chakula chao cha kila siku wanakiita jagung bose, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda na kuchemshwa pamoja na maharage. Mkikaribishwa mtasema, "Kumbe ni makande!" Mgeni hupewa kwanza popoo na tambuu, kama ilivyo desturi kwa watu wa pwani yetu. (Popoo ni hatari kwa kinywa; wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa wameihesabu kati ya vitu vinavyoleta saratani. Hilo tutalizungumza siku nyingine.)

Nyumba yao ya asili inaitwa ume kbubu. Ni ya mviringo, imeezekwa nyasi kutoka juu hadi karibu na ardhi, kama kichuguu kikubwa. Haina dirisha hata moja. Mlango ni mmoja, mfupi, hata mtu mzima huingia ameinama. Katikati kuna mafiga, na juu ya mafiga kuna dari wanakohifadhi mahindi. Moto hauzimwi ovyo, maana moshi ndio unaofukuza fukusi. Mama akiacha dari lake bila moshi, msimu ujao hana mbegu. Tusiwacheke basi. Nyumba ile ni jiko, ghala na chumba cha kulala, na ni milki ya mama.

Serikali iliwahimiza watu wajenge nyumba bora, za pembe nne, zenye madirisha. Wakajenga. Ukipita leo utaziona zimepangwa kando ya barabara, zina viti vya wageni. Lakini nyuma ya nyumba nyingi ile ya mviringo bado ipo, na ndimo wanamopika, na bibi na wajukuu ndimo wanamolala, kwa sababu usiku milimani kuna baridi kali. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka vyoo ambavyo baadhi yetu tulivijenga kwa ajili ya bwana afya, tukavifunga kwa kufuli asije mtu akavichafua.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kwa desturi ya Atoni, mama akishajifungua huwekwa ndani ya nyumba ile pamoja na mtoto kwa siku arobaini. Analala juu ya kitanda cha mianzi, na chini ya kitanda kuna makaa ya moto, usiku na mchana. Desturi hiyo wanaiita sei, neno lile lile wanalotumia kwa nyama ya kukaushwa kwa moshi. Tena anakandwa kwa maji ya moto sana. Wazee wanasema moto unakausha damu, unarudisha nguvu, na unamkinga mama na baridi. Katika familia nyingi anakatazwa pia vyakula kadha wa kadha, na kubaki na mahindi.

Hebu tufikiri kiuuguzi. Mama huyu amepoteza damu. Anatokwa jasho mchana kutwa, naye anahitaji maji mwilini ili apate maziwa. Anakula mahindi bila samaki wala yai, basi damu haiongezeki. Mapafu ya mtoto yana siku tatu tangu yavute hewa kwa mara ya kwanza, na hewa yenyewe ni moshi. Ndani ya moshi wa makaa mna gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtoto hupata nimonia, na mama hupata upungufu wa damu, au hata kuungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Hao si wa Timor peke yao. Wamo wa kwetu.

Indonesia haikukaa kimya. Tangu mwaka 1989 ilianza kupeleka mkunga mmoja katika kila kijiji, na katika miaka michache wakunga zaidi ya 50,000 walikuwa wamepangiwa vituo. Wengi walikuwa wasichana wadogo, wamesoma mwaka mmoja tu wa ukunga baada ya uuguzi, nao walitumwa kuwafundisha akina bibi waliokwisha kuzalisha nusu ya kijiji. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa na umri kama wao, nami nakumbuka jinsi mama mkwe wa mgonjwa alivyonitazama. Mwaka 2009 mkoa wa Nusa Tenggara Timur ulitoa agizo kwamba akina mama wote wajifungulie katika vituo vya afya. Wengi wanakwenda kweli. Lakini wakiruhusiwa kurudi nyumbani, makaa yanawangoja.

Mahali palipo na mafanikio ni pale mkunga alipoketi na bibi kwanza. Bibi hakukosea kusema mtoto mchanga anahitaji joto. Hilo sisi wenyewe tunalifundisha. Lakini joto lililo bora ni la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa blanketi pamoja. Moto waweza kukaa ng'ambo ya chumba au nje, na mlango ukawa wazi. Na mboga ya kuongeza damu wanayo uani: mlonge, ambao wao wanauita marungga. Kila mwezi wanawake wa kijiji wanaojitolea huwapima watoto uzito kwa mizani ya kuning'iniza na kuandika katika kadi, na Februari na Agosti watoto hupewa matone ya vitamini A. Siku hiyo bibi naye huja, amembeba mjukuu, na ndiyo nafasi ya kuzungumza naye.

Sasa turudi jikoni kwetu. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au kifua kinaingia ndani, au amekataa kunyonya, au mwili una joto kali au umepoa, msingoje asubuhi. Hesabuni akiwa ametulia, kwa dakika nzima, kwa saa au simu.

Na kwa wale mlioniuliza juu ya kukandwa: maji yawe ya vuguvugu, myajaribu kwa kiwiko kama mnavyojaribu ya mtoto. Mama mwenye mshono, wa tumbo au wa chini, asikandwe hapo kabisa. Nimewahi kumwuguza mmoja aliyebabuka tumbo zima, na aliyemkanda ni mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda akilia.

Muuguzi wenu, hospitali ya misioni