Maisha ya Bahari, Tangu Bonde la Ufa Hadi Majabali ya Omani

Msafiri atokaye Arusha kuelekea Karatu, akiisha kupita Makuyuni na kuvuka mbuga tambarare, hufika Mto wa Mbu, na hapo huona mbele yake genge refu lililosimama wima, limekwenda kaskazini na kusini hata upeo wa macho, na Ziwa Manyara limelala chini yake. Wengi hudhani kwamba wameuona mlima. Kumbe genge lile ni ukingo wa nchi iliyobaki mahali pake, na mbuga waliyoivuka ndiyo iliyoshuka: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama mamia ya mita, na pasuko hilo, lianzalo Uhabeshi na kuteremka hata Msumbiji, ni hatua ya kwanza ya jambo ambalo hatua zake nyingine zote zimo katika bahari na pwani zilizopitwa na majahazi yetu kwa karne nyingi, kwa kusi na kwa kaskazi. Jambo hilo ni kuzaliwa kwa bahari, kukua kwake, na kuzikwa kwake. Na ni vigumu kutaja pembe nyingine ya dunia ambamo mtu aweza kuzitazama hatua hizo kwa ukaribu kama zilivyo baina ya Manyara na Maskati.

Elimu ya zama zetu yatufundisha kwamba ganda la nje la dunia halikushikamana pande zote, bali limegawanyika katika mabamba, machache makubwa na mengi madogo, ambayo unene wake ni kadiri ya kilomita 100, pungufu chini ya bahari changa na zaidi chini ya mabara makongwe. Mabamba hayo yamelalia tabaka la miamba ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni bahari ya moto unaochemka. Dhana hiyo yafaa iondolewe mapema, kwani miamba hiyo ni yabisi, ila joto lake ni kali kiasi cha kuilegeza, hata ikaweza kujongea sentimita chache kwa mwaka. Mawe yaliyoyeyuka hasa hupatikana mahali pachache, na aghalabu ni mipakani mwa mabamba. Ndiyo sababu zilzala na milima ya moto haikutawanyika ovyo duniani, bali imejipanga kwa mistari, na mistari hiyo ndiyo mipaka yenyewe: ama mabamba mawili yaachana, ama yakabiliana na moja likazama chini ya jenzake, ama yapishana ubavu kwa ubavu, kama Uarabuni na Bara Hindi zinavyopishana chini ya maji katika ufa uitwao Owen.

Fikira hii haikupokewa kwa wepesi. Mjerumani Alfred Wegener, ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya hali ya hewa, alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa pamoja zamani kisha yakatengana, akaleta hoja nyingi, mojawapo ikiwa ni visukuku vya mnyama mmoja wa majini mwenye umbo kama la mjusi, Mesosaurus, ambavyo huonekana Amerika ya Kusini na kusini ya Afrika tu. Lakini hakuweza kutaja nguvu iliyoyasukuma mabara, na wenye elimu wengi wakamkataa. Akafia katika barafu ya Greenland mwaka 1930, kabla hajaona hoja yake ikisimama. Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini akiwa kijana wa miaka 21, akaugua malaria huko, ndiye aliyeeleza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba joto la ndani ya dunia huitembeza miamba ya chini, ikapanda hapa na kushuka kule, na mabara yakachukuliwa pamoja nayo. Katika miaka ya 1950 Bibi Marie Tharp, wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vilivyoletwa na wanaume, maana wanawake hawakuruhusiwa kupanda merikebu za utafiti, akaona kwamba safu ya milima iliyo katikati ya bahari ile ina bonde utosini mwake. Lilipolinganishwa na mabonde ya nchi kavu, umbo lake likaonekana kuwa ni lile lile la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Ithibati kubwa zaidi ilitoka katika bahari yetu wenyewe. Mwaka 1962 merikebu ya upimaji ya Kiingereza iitwayo Owen ilipima usumaku wa sakafu ya Bahari Hindi juu ya mgongo wa Carlsberg, ulio kati ya Afrika na Bara Hindi, na mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews wa Cambridge wakatoa maana ya vipimo vile. Mawe yaliyoyeyuka hupanda penye mgongo, na yanapopoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia kama ulivyo wakati ule. Na kwa kuwa sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini na kusini kaskazini, sakafu ya bahari imebaki na mistari ya usumaku inayobadilishana, ya upande mmoja wa mgongo ikilingana na ya upande wa pili. Ikawa dhahiri kwamba sakafu mpya hufanyika katikati na ile ya zamani husogea pembeni.

Turudi barani. Chini ya Unyamwezi na Usukuma limelala gimba la miamba mikongwe na migumu, lenye umri upitao miaka bilioni 2.5, ambalo ndani yake huchimbwa dhahabu ya Geita. Na ufa, ulipolifikia, uligawanyika, mkono mmoja ukapita mashariki, kwa Turkana, Naivasha, Natron na Manyara, na wa pili magharibi, kwa maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika na Nyasa. Ziwa Viktoria liko katika uwanda uliobonyea baina ya mikono hiyo miwili, ndiyo maana kwa upana wake wote kina chake hakizidi mita 80 na kidogo, ilhali Tanganyika, ambalo maji yake yamejaza ufa wenyewe, lina kina cha mita 1,470. Mkono wa magharibi ndio wenye zilzala kubwa, kama ile ya Rukwa ya Desemba 1910, na ndio wenye Nyiragongo, mlima ambao mwaka 2002 ulipeleka lava yake katikati ya mji wa Goma hata ikaingia Ziwa Kivu. Mkono wa mashariki joto lake limetiwa kazini: Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa chini ya ardhi huzungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981.

Lakini katika ukanda huo wote sioni mahali pa ajabu kuliko Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, uliosimama kusini ya Ziwa Natron. Milima mingine ya moto hutoa lava nzito yenye joto la digrii 1,000 na zaidi. Huu hutoa lava ya magadi, ambayo joto lake ni digrii 500 hadi 600 tu, nayo hutiririka kwa wepesi usioonekana katika lava nyingine yoyote, rangi yake ikiwa nyeusi au kahawia mchana, na usiku tu ndipo wekundu wake hafifu unapobainika. Ikiisha kuganda, unyevu wa hewa huanza kuibadilisha mara moja, hata mwamba uliotoka mweusi asubuhi hupata mabaka ya kijivu baada ya saa chache, na baada ya siku chache ukawa mweupe, naye aliye mbali akadhani kileleni pana theluji. Miongoni mwa milima ya moto iliyo hai leo, hakuna mwingine duniani utoao lava ya namna hiyo. Magadi ya nchi ile ndiyo yaliyolifanya Ziwa Natron kuwa kali kwa ngozi, na ukali huo ndio unaowahifadhi heroe, ambao huja kuangulia vifaranga vyao katikati ya ziwa, mahali ambapo wanyama wawindao hawafiki. Mwezi Julai 2007 ardhi ya huko ilitikisika siku nyingi mfululizo, hata katika mji wa Nairobi watu wakatoka nje ya majengo, na Septemba mlima ukalipuka kwa majivu. Wapimaji walitambua kwamba mawe yaliyoyeyuka yalijipenyeza wima chini ya mlima wa Gelai, ulio jirani, yakaipanua ardhi. Hivyo ndivyo ufa ufunguavyo: miaka mingi ya ukimya, kisha majuma machache ya vurugu.

Ni haki pia kuonya. Machi 2018, karibu na Suswa nchini Kenya, korongo lilifunguka ghafula na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba Afrika imepasuka. Wajuzi wengi waliolitazama walisema kwamba mvua kubwa ndiyo iliyolichimbua jivu laini la zamani lililojaza mifereji ya chini. Habari ya kweli ya Bonde la Ufa ni kubwa kuliko uvumi ule, ila huenda polepole: kasi ya kuachana hufika milimita 6 au 7 kwa mwaka upande wa Uhabeshi, na hupungua kadiri mtu ateremkavyo kusini.

Huko Uhabeshi, katika jangwa la Afar, ndiko ufa ulikokaribia kuwa bahari. Septemba 2005 ardhi ya Afar ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60, na penye upana mkubwa ikaachana mita 8, yote katika muda wa majuma machache. Ziwa Assal la Jibuti liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, na kinachoizuia bahari isiingie ni nchi nyembamba tu. Bahari ya Sham na Ghuba ya Aden zilikwisha kuipita hatua hiyo: kabla ya miaka milioni 30 hivi Uarabuni ilikuwa sehemu ya Afrika, na leo kati yao pana maji ya kupitisha merikebu kubwa kabisa, na chini ya maji hayo sakafu mpya ya bahari ingali ikifanyika.

Na pwani yetu, toka Lamu hata Lindi, nayo ni ukingo wa ufa, ila ni ufa mzee. Bukini ilikuwa imeshikamana na pwani hii. Ikaanza kujitenga yapata miaka milioni 165 iliyopita, ikateremka kusini, na Bahari Hindi ikaingia katika nafasi yake. Madinosaria ya Tendaguru, karibu na Lindi, ambayo mifupa yake ilichimbuliwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, yaliishi kando ya bahari hiyo ilipokuwa changa, na masalio yao yamo katika matabaka yaliyopishana na matabaka ya baharini. Wala utulivu wa bahari hiyo si kamili. Mwaka 2018 kisiwa cha Mayotte katika Komoro kilianza kutikisika, kikazama sentimita kumi na zaidi, na Mei 2019 wachunguzi wakaugundua mashariki yake, katika kina cha mita 3,500, mlima wa moto mpya wenye urefu wa mita 800 hivi, ambao kabla ya mitikisiko ile haukuwapo.

Ikiwa bahari huzaliwa daima na dunia haiongezeki, lazima mahali pengine bahari zife. Ushahidi ni umri: miamba ya mabara hufika miaka bilioni 4, ilhali sakafu ya bahari kuu ni shida kuipata yenye kupita miaka milioni 200. Sakafu ikisafiri mbali na mgongo wake hupoa, ikawa nzito, na mwisho ikazama. Na ikianza kuzama, hali yake ni ya nanga iliyokwisha tupwa, ambayo uzito wake ndio unaoufuatisha mnyororo. Lakini mnyororo huo hunasa. Ulikuwa umenasa kwa muda mrefu chini ya Sumatra, na tarehe 26 Desemba 2004 ukafyatuka kwa urefu upitao kilomita 1,200, ukaiinua bahari yote iliyo juu yake. Watu wapatao 230,000 walikufa. Wimbi lilichukua saa saba hivi kufika Somalia, likaivunja Hafun, na lilipokuja Kenya na Tanzania nguvu zake zilikuwa zimepungua, ila bado lilichukua roho za watu.

Namna nyingine ya mwisho wa bahari iko Omani. Barabara itokayo Maskati kwenda Nizwa, ipitapo Sumail, huenda kati ya vilima vyeusi vyenye wekundu wa kutu, visivyo na majani. Na mawe hayo ni sakafu ya bahari ya kale pamoja na miamba iliyokuwa kilomita kadhaa chini yake, yenye umri wa miaka milioni 95 hivi, ambayo badala ya kuzama ilipandishwa juu ya Uarabuni. Katika Wadi Jizzi, karibu na Sohar, mtu huweza kuigusa kwa mkono lava iliyomwagika chini ya maji: mabonge ya mviringo yaliyobebana, kila moja lina ganda la nje lililoganda ghafula kwa baridi ya bahari, na kila moja limejibonyeza kufuata umbo la lililo chini yake. Shaba iliyofanya nchi hiyo ijulikane kwa Wasumeri kwa jina la Magan ilitoka katika mawe hayo hayo, na iliwekwa humo na maji ya moto ya sakafu ya bahari.

Na bahari iliyobaki hapo, ile ya Omani, nayo yafungwa. Bamba la Uarabuni laingia chini ya pwani ya Makran, huko Uajemi na Pakistani, kwa mwendo wa kama sentimita 2 kwa mwaka. Novemba 1945 upande wa mashariki wa mpaka huo ulifyatuka, bahari ikaipiga Pasni. Upande wa magharibi haujafanya hivyo katika zama za vipimo. Kati ya Fins na Sur yapo majabali mazito yaliyotupwa juu ya ukingo wa pwani, ambayo baadhi ya wachunguzi huyatafsiri kuwa ni kazi ya mawimbi ya namna hiyo katika karne zilizopita. Maskati sasa ina kituo cha kuwatahadharisha watu, na kituo hicho hakina saa saba za kufanya kazi yake, kwa kuwa toka Makran mpaka pwani ya Omani wimbi hufika chini ya saa moja.