Tusiuze kwa Kilo Tusichokijua kwa Jina

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hunukuliwa aghalabu na wafanyabiashara na wahasibu. Mimi ni mwalimu wa isimu, na nimeiona ikitimia mahali ambapo wengi hawangefikiria kuitafuta: nyuma ya matrekta makuukuu katika mashamba ya Subukia, kaunti ya Nakuru.

Msafiri anayetoka mjini Nakuru kwa barabara ya Nyahururu hupita Bahati, kisha huteremka hadi bonde hilo lenye rutuba. Wakati wa ukoloni, eneo hilo lilikuwa miongoni mwa nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi makubwa ya Bonde la Ufa yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi, yakakatwa vipande na kugawiwa wanachama. Ardhi iliweza kukatwa vipande, trekta halikuweza. Basi trekta likaenda kwa huyu, plau ikaenda kwa yule, na vile vifaa vingine vya kufungwa nyuma vikatawanyika kama watoto wa mama aliyefariki.

Nilifika huko kukusanya msamiati wa kilimo. Mzee mmoja, aliyepata kuwa dereva wa trekta katika shamba la mlowezi, alinionyesha chuma kizito chenye gurudumu pana, kimelala bandani chini ya kinyesi cha kuku. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya upili, aliniambia kwamba hicho ni chuma tu na kwamba mnunuzi wa vyuma kuukuu angepita kukipima.

"Sivyo, mjukuu wangu," mzee akasema. "Hii ni puli. Hufungwa nyuma ya trekta, ukavalisha mkanda, ukasaga mahindi ya kijiji kizima."

"Kumbe, babu! Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nani aliniuliza?"

Ndugu msomaji, katika swali hilo la mwisho mna hoja yangu yote. Thamani ya kifaa cha zamani huanza pale kinapotambuliwa, nako kutambua huanza na jina. Kisicho na jina hubaki kuwa chuma, na chuma huuzwa kwa kilo.

Hebu tuzame kidogo katika historia. Kabla ya miaka ya 1920, jembe la trekta lilikuwa likiburutwa kwa mnyororo au chuma cha kuvutia. Likigonga kisiki au mwamba, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Harry Ferguson, mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland, alipata hataza mnamo 1926 ya mfumo wa kuliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu, miwili ya chini na mmoja wa juu, ikiendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa. Kwa mfumo huo, trekta na jembe vilikuwa mwili mmoja, na uzito wa kazi ukakandamiza magurudumu ya nyuma badala ya kuliinua trekta. Kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni ya matrekta yake madogo ya kijivu, aina ya TE20, yalitengenezwa mjini Coventry, Uingereza.

Ubunifu huo ulilifanya trekta kuwa kama kitenzi cha Kiswahili. Mzizi ni mmoja, lakini kila kiambishi huleta kazi mpya. Ukilifunga plau, hulima. Ukilifunga haro, husawazisha. Ukilifunga puli, husaga au hupukuchua mahindi. Mnamo Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest mwaka wa 1953, alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya Ferguson yaliyovalishwa minyororo ya kukanyagia theluji. Mashine iliyobuniwa kulima ilivuka barafu kwa sababu ya kifaa kilichoongezwa.

Hata majina ya matrekta hayo yana sarufi yake. Herufi TE zilisimamia trekta la Uingereza. Yale yaliyoundwa Marekani yaliitwa TO, yaani trekta la ng'ambo. Herufi ya tatu ilieleza injini: TEA kwa petroli, TED kwa mafuta yaliyokaribia ya taa, TEF kwa dizeli. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha ngeli ya KI-VI na ya LI-YA hashindwi kusoma kibao kama hicho, mradi aambiwe kwamba kina maana.

Je, ni kifaa gani kilicho adimu? Jibu linawashangaza wengi. Plau, ambayo kila mkulima aliinunua, si adimu. Adimu ni kile kilichohitajiwa na wachache. Mfano ni gia ya kupunguza mwendo iliyotengenezwa na kampuni ya Howard ili trekta la Ferguson litambae polepole likivuta mashine ya kutifua udongo. Mashine hiyo iliitwa Rotavator, jina ambalo, msomaji akipenda kujaribu, husomeka vilevile kutoka nyuma. Gia hiyo hukaa ndani ya trekta. Mpita njia haioni. Huko Uingereza kuna vyama vya wapenzi wa matrekta ya kale, vina majarida na minada, na watu husafiri mbali kutafuta kifaa cha aina hiyo. Kwetu, trekta lililokibeba huweza kukatwakatwa bila mtu kuchungulia tumboni mwake.

Isitoshe, thamani si ya wakusanyaji peke yao. Mfumo wa mikono mitatu ulikuja kuwa kanuni ya dunia nzima, na vipimo vya pini zake kwa matrekta madogo havijabadilika: takriban milimita 22 chini na 19 juu. Kwa hiyo haro iliyoundwa miaka ya 1950, ikiwa nzima, inaweza kufungwa kwenye trekta dogo lililonunuliwa juzi. Mkulima anayeiuza kwa kilo, kisha akakodi nyingine msimu wa mvua, ameacha mbachao kwa msala upitao.

Yamkini msomaji atauliza: sheria iko wapi? Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inakitafsiri kitu cha kale kinachohamishika kuwa kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Hakuna Ferguson atakayefikia umri huo. Nayo Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inahusu leseni na mienendo ya wafanyabiashara. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo kwa miezi michache mnamo 2022, ilikuwa kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na milingoti ya umeme. Tusingoje sheria ituokolee puli ya mzee wa Subukia.

Kuna watakaonipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba historia hailipi karo. Nakubali. Simwambii mkulima asiuze; namwambia ajue anachouza. Anayejua jina la kitu hutaja bei, asiyelijua hutajiwa. Ya pili ni kwamba vyuma hivi ni masalio ya mlowezi, na kuvienzi ni kuuenzi ukoloni. Hapa sikubali. Chuma kilikuwa cha mlowezi, lakini mikono iliyokiendesha, iliyokitengeneza kilipoharibika na iliyokipa majina ilikuwa ya Waafrika. Wao ndio waliolitia neno la kigeni katika Kiswahili wakasema "kupiga haro". Wao ndio walioliita trekta tingatinga, jina linalosikika kama mlio wake, kisha ulimi wa Kenya ukaliondolea uradidi likawa "tinga". Wakati wa uchaguzi wa 1997, chama cha NDP kilipokuwa na alama ya trekta, neno hilo likawa lakabu ya mgombea wake wa urais, Raila Odinga. Iwapo neno limetoka shambani likafika kwenye majukwaa ya siasa, nani atasema kwamba halituhusu?

Ombi langu ni kwa walimu na wanafunzi. Likizo ijayo, kila mwanafunzi wa mashambani na achukue daftari aende kwa jirani mwenye trekta kuukuu. Anakili herufi na nambari zilizo kwenye kibao na zile zilizochongwa katika chuma chenyewe. Achore au apige picha kila kifaa kilichofungwa nyuma, na kila kilichotupwa bandani. Kisha aulize maswali manne: Kinaitwaje katika Kiswahili? Kinaitwaje katika lugha ya nyumbani? Kilifanya kazi gani? Nani alikiendesha? Mwalimu wa Kiswahili atapata msamiati, wa historia atapata ushahidi, na wa kilimo atapata somo la vitendo. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, kilichoanza kama shule ya kilimo mnamo 1939, hakiko mbali na Subukia. Ningefurahi kuona madaftari hayo yakihifadhiwa humo, na vifaa vichache vikiwekwa mahali ambapo watoto wataviona.

Kazi hii haingoji fedha za wafadhili. Inangojwa na wazee, nao hawatangoja milele. Mnunuzi wa vyuma ana mizani yake na atapita kama kawaida. Sisi tuna kalamu, na ni heri itangulie.