Swichi Haili Intaneti

Rauta nyingi za faiba zina matundu manne tu ya waya, nyingine mawili. Ukishachomeka televisheni, kompyuta ya mezani, printa na mashine ya kurekodia kamera za ulinzi, nafasi imekwisha. Unahitaji swichi, kifaa cha kuongeza matundu, na ushauri unaanza kumiminika. Mwingi unawatia watu hasara.

"Ukiongeza swichi, kasi inagawanyika." Si kweli. Habari hii ni ya enzi za habu, kifaa kilichopokea data kwenye tundu moja na kuirusha kwenye matundu yote, vifaa vikabaki kusubiriana. Swichi hukumbuka kifaa kipi kiko tundu lipi, ikapeleka data hukohuko. Kinachogawanywa ni kifurushi chako: ukilipia megabiti 20 kwa sekunde, ni hizohizo 20 kwa nyumba nzima, swichi iwepo isiwepo. Swichi ya kawaida ya matundu 5 au 8 haihitaji hata kupangwa. Ipe umeme, vuta waya mmoja kutoka kwenye rauta, basi.

"Rauta ya zamani yaweza kuwa swichi." Kweli, kwa masharti. Zima DHCP, yaani kazi yake ya kugawa anwani, ibadilishie anwani isigongane na rauta kuu, kisha chomeka waya kutoka rauta kuu kwenye tundu lake la LAN, la vifaa vya ndani. Wengi huchomeka WAN, tundu la kupokelea intaneti, wakapata mitandao miwili ndani ya nyumba moja, halafu wanashangaa printa haionekani kwenye kompyuta ya sebuleni.

"Waya ni waya, chukua wa bei nafuu." Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo ningependa watu wawe wakali dukani. Waya wa Cat5e au Cat6 wa shaba tupu hubeba gigabiti moja hadi mita 100. Lakini madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, huitwa CCA, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mwombe muuzaji kipande, menya ganda, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini hukatika upesi inapokunjwa, na kamera inayopata umeme kupitia waya huohuo inaweza kuzimikazimika, hasa ikiwa mbali. Gigabiti inahitaji nyuzi zote 8. Ukikatika mmoja, mara nyingi kasi hushuka hadi megabiti 100, au waya usishike kabisa. Ukishafukiwa ukutani, kuubadilisha ni kubomoa plasta.

"Kile kigawanyio kidogo cha plastiki kinatosha." Si kweli. Kile cha bei rahisi huunganisha nyuzi tu. Vifaa viwili havitafanya kazi pamoja.

"Nyaya mbili kati ya rauta na swichi huongeza kasi." Si kweli, na swichi nyingi za bei nafuu hazina kinga dhidi ya kosa hili. Data inapata njia ya mzunguko, inazunguka bila kukoma, na mtandao wote unazimia. Utaona taa za swichi zikipepesa kwa kasi zote kwa pamoja. Kabla ya kuipigia simu kampuni ya intaneti, chomoa waya mmoja mmoja hadi taa zitulie; uliouchomoa mwisho ndio wenye tatizo.