Hadhari ya Mbegu ya Muhogo

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika na bara iliyo nyuma yake, tangu Ujiji na Kigoma hata vijiji vya milimani vya Kasulu, muhogo ni chakula na akiba kwa pamoja: unga wake husongwa ugali uliwao kwa dagaa na migebuka, na mizizi yake, kwa kuwa huweza kukaa ardhini miezi mingi, humfaa mkulima kama ghala lisilohitaji paa wala kufuli. Basi afa iliyo nzito kwake ni ile iingiayo ghalani humo kwa siri, nayo ni maradhi ya michirizi ya kahawia.

Maradhi haya si mageni nchini. Mtaalamu H. H. Storey aliyaeleza mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa msiba wa pwani na nyanda za chini. Lakini tangu yalipozuka kwa nguvu Uganda mwaka 2004, yameenea hata nchi za juu za Maziwa Makuu.

Batobato, maradhi mengine ya muhogo, hukunja majani na kujidhihirisha mapema. Michirizi ya kahawia huacha umanjano hafifu kando ya vishipa vya majani makuukuu, na mistari shinani, hali mmea wasimama kana kwamba una siha. Ilhali chini ya udongo nyama ya muhogo imeingia mabaka makavu yasiyolika, na aghalabu mwenyewe hayajui hayo mpaka siku ya kuvuna.

Asili yake ni virusi. Nzi weupe huvichukua baina ya mimea iliyo karibu. Avivushaye mito na wilaya ni binadamu, ampelekeapo jamaa yake mzigo wa vipando.

Hapana dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa. Inampasa mkulima apande mbegu safi, ikiwezekana iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, ya aina zinazostahimili kama Kiroba, ijapokuwa ustahimilivu si kinga kamili. Ang'oe mapema miche yenye dalili. Na shamba lililokwisha kushikwa alivune bila kukawia, maana uozo huzidi kadiri mizizi inavyokaa ardhini.

Kugawana mbegu ni ada njema ya watu wetu, wala sishauri iachwe. Nashauri kwamba mwenye kutoa ang'oe kwanza shina analotaka kulikata vipando, aipasue mizizi yake mbele ya mwenye kupokea, na ikionekana doa, wote wawili waiache mbegu hiyo kwa ridhaa.