Vijana Wetu na Maombi ya Vyuo Vikuu

Kijana wa visiwani aombaye shahada ya kwanza Uingereza hupitia shirika la UCAS, ambako huchagua kozi zisizozidi tano. Lakini maelezo yake binafsi ni yale yale kwa vyuo vyote, nayo hayapiti herufi 4,000. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, yana maswali matatu: kwa nini ameipenda kozi hiyo, masomo yamemwandaa vipi, na nje ya darasa amefanya nini.

Aombaye bayolojia chuo kimoja na bayokemia kingine yampasa aandike juu ya shina la masomo yote mawili. Shina hilo tunalo pwani kwetu. Kwa nini mwani aina ya kotonii hudhoofu maji yapatapo joto? Hilo ni swali la viumbe na la kemia pia. Aliyelichunguza ana la kusema. Mwenye kujisifu tu hana.

Hata hivyo, swali la tatu si la vijana peke yao. Twawaomba wakuu wa idara za uvuvi, kilimo na afya wawafungulie wanafunzi wa Unguja na Pemba milango ya maabara. Asiyeonyeshwa kazi ataielezaje?