Kwa nini vyama vya siasa hufa haraka ndani ya eRepublik?

Kuna mchezo wa mtandaoni unaitwa eRepublik. Hauhitaji kompyuta ya nguvu wala michoro mizito, unafunguka kwenye kivinjari tu kama unavyofungua gazeti. Ulianzishwa na George Lemnaru na Alexis Bonte, na kalenda yake inahesabu siku kuanzia tarehe 20 Novemba 2007. Ukijiandikisha unakuwa raia wa nchi yenye jina halisi na ramani inayofanana na ya kweli: Romania, Poland, Marekani, Serbia, Afrika Kusini na kadhalika. Kila siku unaingia, unafanya kazi kwenye kampuni ya mtu, unafanya mazoezi ya kijeshi, unapigana. Ukitaka, unaanzisha gazeti. Ukitaka zaidi, unaingia siasa.

Na siasa za humo si mapambo. Rais wa nchi huchaguliwa na wachezaji wenyewe. Bunge linapiga kura juu ya kodi na vita. Ukilala ukaamka ukakuta kodi ya mshahara imepanda, ujue kuna watu wameipandisha, na majina yao yapo pale.

Sasa swali la leo. Mbona vyama vingi vinavyoanzishwa humo havidumu? Mtu anaanzisha chama kwa kelele nyingi, anaandika ilani yenye kurasa na kurasa, anapata wanachama hamsini, sitini. Miezi michache baadaye chama hakipo. Jibu la haraka ni kwamba "ni gemu tu, watu huchoka". Ni kweli watu huchoka. Lakini kuchoka hakuelezi kwa nini vyama vichache vinadumu miaka huku vingine vinakufa kama mbu, ilhali wanaochoka ni watu wale wale. Nadhani tuanze na kanuni ndipo twende kwa watu.

Kanuni ya kwanza ni kalenda. Uchaguzi wa rais unafanyika tarehe 5 ya kila mwezi, wa mwenyekiti wa chama tarehe 15, wa bunge tarehe 25. Kila mwezi, narudia, si kila mwaka. Sisi Tanzania na Kenya tunapiga kura kila baada ya miaka 5. Ndani ya muda huo huo nchi moja ya eRepublik inafanya chaguzi 60 za urais. Kwa mtu anayesoma sayansi ya siasa hii ni kama mwanabiolojia kupewa inzi wa matunda badala ya tembo: unaona vizazi vingi kabla hujamaliza shahada. Ndiyo maana michezo ya aina hii inawavutia watafiti. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walishafanya jambo la namna hii, pale "damu chafu" iliposambaa bila kukusudiwa kwenye World of Warcraft mwaka 2005, wakaandika makala za kisayansi kuhusu jinsi wachezaji walivyokimbia na kuambukizana.

Kanuni ya pili ni bei. Kuanzisha chama kunagharimu dhahabu 40 ya mchezo. Kwa mchezaji mpya si kidogo, lakini aliyekaa muda kiasi anaimudu. Maana yake mlango wa kuingilia uko wazi.

Kanuni ya tatu ndiyo muuaji. Kwa kipindi kirefu cha mchezo huo, vyama vitano vikubwa tu katika kila nchi ndivyo vilivyoruhusiwa kusimamisha wagombea wa bunge. Na ukubwa wenyewe ulipimwa kwa idadi ya wanachama, si kwa kura.

Hapa twende taratibu, maana tofauti ndogo ya kanuni inazaa tofauti kubwa ya matokeo. Ujerumani wana kizingiti cha asilimia 5: chama kikipata chini ya hapo katika uchaguzi wa bunge la shirikisho, kwa kawaida hakigawiwi viti. Kizingiti cha asilimia kinakupima wewe mwenyewe. Vyama saba vikifika, saba vinaingia. Tisa vikifika, tisa vinaingia. Kizingiti cha nafasi hakikupimi wewe, kinakupima dhidi ya jirani yako. Tuchukue nchi ya kubuni yenye vyama sita, vyenye wanachama 120, 100, 90, 80, 71 na 70. Jumla 531. Chama cha sita kina asilimia 13 ya wanachama wote. Ujerumani kingekuwa chama cha heshima, pengine hata kinabembelezwa kuingia serikali ya mseto. Hapa kina sifuri. Na kilichokitenganisha na bunge ni mtu mmoja, yaani labda kijana mmoja aliyesahau kuingia mtandaoni wiki hiyo.

Maurice Duverger, Mfaransa aliyeandika kitabu maarufu kuhusu vyama mwaka 1951, alisema kanuni za uchaguzi huua vyama vidogo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kimitambo: hesabu yenyewe inakunyima viti. Ya pili ni ya kisaikolojia: wapiga kura wakishaiona hesabu hiyo, wanakuhama kabla hata haijakugusa. Kwenye siasa zetu za kawaida athari ya pili huchukua muda, maana mtu anatakiwa asubiri uchaguzi, aone matokeo, afikirie, agombane na nduguze. Kwenye eRepublik orodha ya wanachama iko wazi kwa kila mtu, kila saa. Chama kikishuka kutoka nafasi ya tano kwenda ya sita tarehe 20, wenye ndoto za ubunge wana siku tano tu. Wanabofya, wanahama. Kuhama kwao kunakishusha chama zaidi, na kushuka huko kunawapa wengine sababu ya kuhama.

Turudi kwenye mfano wetu, sasa kwa upande wa viongozi. Chama cha tano kina watu 71 na cha sita 70. Vikiungana vinakuwa na 141, vinakuwa chama cha kwanza nchini usiku mmoja! Lakini chama cha nne nacho kinaona hesabu hiyo: 80 na 70 ni 150. Kwa hiyo cha sita, ambacho hakina kiti hata kimoja, kinakuwa bibi harusi anayeposwa na kila upande. Viongozi wake wanaahidiwa nafasi za juu kwenye orodha ya wagombea. Wanakubali. Chama kinavunjwa, na kwa maoni yangu huwezi kukiita kimeshindwa. Kimeuzwa kwa bei nzuri. Vyama vingi vinavyohesabiwa kuwa vimekufa vilikuwa, kwa lugha ya biashara, vimenunuliwa.

Baada ya hapo ndani ya chama kipya kikubwa kuna watu wasioridhika, waliokosa nafasi. Wana dhahabu 40. Unaona mzunguko unapoanzia tena.

Halafu kuna suala la kuchoka, ambalo nilisema halitoshi lakini lipo. Tuseme chama kina wanachama 60 na kila wiki asilimia 8 wanaacha kuingia mchezoni, kwa mitihani, kwa kazi, kwa kuchoka tu. Baada ya wiki 8 wanabaki 31. Baada ya wiki 16 wanabaki 16. Kubaki pale pale kwenye 60 kunataka watu watano wapya kila wiki, bila kukosa. Nani anawatafuta hao watano? Mancur Olson aliuliza swali kama hilo mwaka 1965: kama faida ya kundi inamfikia kila mwanachama hata asiyefanya kitu, kwa nini mtu ahangaike? Anayekaa kimya ananufaika sawa na anayekesha akiwaandikia wachezaji wapya ujumbe mmoja mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la darasa anajua jibu: kazi inabaki kwa mtu mmoja au wawili. Wakiwa wazima, chama kizima. Siku mmoja anaanza mafunzo kazini na mwingine anapata mtoto, basi.

Vyama vinavyodumu, ukivitazama, vimetatua tatizo hilo kwa kumpa mwanachama kitu ambacho akikaa kimya hakipati. Vinagawa silaha na chakula kwa wapiganaji wao, vina kikosi chao cha kijeshi, vina mtu wa kumfundisha mgeni mchezo. Ilani haina kazi kubwa hapo. Najua inawaudhi wapenzi wa itikadi.

Kuna kifo cha aina nyingine, kibaya zaidi, nacho ni kutekwa. Mwenyekiti anachaguliwa na wanachama kwa kura nyingi tu, na mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo wa wagombea. Chukua chama chenye wanachama 20 kwenye karatasi, ambao 9 tu ndio wanaingia na kupiga kura. Watu 10 kutoka nje wakijiunga kimyakimya kabla ya tarehe 15, chama ni chao. Jina lile lile, nembo ile ile, nafasi ile ile kwenye orodha, lakini wenye nyumba wako nje barazani.

Katika nchi zenye wachezaji wachache mbinu hii ilitumika kwa nchi nzima: kundi la kigeni lilipata uraia, likateka chama kimoja, likaingia bungeni, likafika hazina na maamuzi ya vita. Wachezaji walikuwa na jina kwa ajili yake, na hofu yake ilibadilisha siasa zote za nchi ndogo. Chama kipya kikianzishwa, swali la kwanza halikuwa "mnaamini nini?" bali "nyinyi ni nani, na mmetoka wapi?". Chama kidogo cha watu wasio na hatia kingeweza kuzimwa kwa sababu tu hakuna aliyewafahamu. Hilo ndilo gharama ya mlango ulio wazi, na sioni kanuni iliyowahi kuitatua vizuri: ukiufunga mlango unawanyima wageni wa kweli, ukiuacha wazi unawakaribisha wavamizi.

Je, tunaweza kuchukua haya na kuyapeleka kwenye vyama vya kweli? Kwa tahadhari. Ndani ya mchezo, kuhama chama hakukugharimu ajira wala jirani, na mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti tatu ingawa inakatazwa. Albert Hirschman, mwaka 1970, alitenganisha kuondoka na kupaza sauti: pale kuondoka ni rahisi, watu hawahangaiki kurekebisha. Kwenye eRepublik kuondoka ni kubofya mara moja, kwa hiyo sauti inakufa mapema kuliko kawaida.

Hata hivyo kuna chama cha kweli kilichokaribia sana mwendo huu. Chama cha Maharamia cha Ujerumani, kilichozaliwa mwaka 2006 kutoka kwa watu wa intaneti, kilipata asilimia 8.9 na viti 15 katika jimbo la Berlin mwaka 2011, na mwaka uliofuata kikaingia mabunge ya majimbo mengine matatu. Mwaka 2013, uchaguzi wa shirikisho, kilipata asilimia 2.2. Mwaka 2016 Berlin yenyewe ikakipa 1.7. Kujiunga kulikuwa rahisi, mijadala ilikuwa wazi kwa kila mtu kuitazama, kazi ilibebwa na wachache waliochoka, na mara kizingiti kilipoonekana mbali wapiga kura hawakusubiri. Tofauti ni kwamba wao walichukua miaka mitano kupita njia ambayo chama cha eRepublik hupita kati ya tarehe 25 moja na nyingine chache zinazofuata.