Hiace Kuukuu na Kiinua Mgongo

Katika gereji za Mbarara, mwenye Hiace kuukuu hupewa ushauri mwingi juu ya kuongeza nguvu za gari lake, na ushauri mchache juu ya kulisimamisha. Miongoni mwa wateja hao wamo askari wastaafu, ambao kiinua mgongo chao kimegeuka gari la abiria na mizigo liendalo Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyomo wilayani Isingiro. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyopita umri wa miaka 15. Hivyo aliye nalo kuukuu huona ni afadhali kulifufua kuliko kutafuta jingine.

Malalamiko yao kwamba gari ni zito mlimani yana msingi. Mbarara iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla haijapakiwa hata mkungu mmoja wa ndizi.

Dawa inayostahili kuitwa dawa ni kubadili injini. Ile ya Toyota iitwayo 2L ina sentimita za ujazo 2,446. 3L ina 2,779. Na 5L ina 2,986. Kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja, kubwa huweza kukaa mahali pa ndogo bila kazi kubwa ya kukata na kuchomelea, na manufaa yake mlimani ni ya kweli. Dawa ya bei rahisi, ambayo yafaa iogopwe, ni kuchezea parafujo ya pampu ya dizeli ili mafuta mengi zaidi yaingie. Mafuta yakizidi pasipo hewa kuzidi, ziada hutoka kama moshi mweusi, joto hupanda, na hatimaye silinda hedi hupasuka. Wapo pia wapendao filta za hewa zilizo wazi, zisifiwazo kwa kuvuta vizuri. Katika vumbi la barabara isiyo na lami, filta ya namna hiyo yaweza kupitisha vumbi pamoja na hewa, nalo husaga ringi na silinda kama msasa. Filta ya kawaida ya karatasi, ibadilishwayo kwa wakati, ni bora kuliko mapambo hayo.

Hata injini ikiwa njema, breki hubaki zile zile. Wamarekani walipitia jambo hili. Gari la Pontiac GTO la mwaka 1964, lililosifika mno kwa mbio, lilikuwa na injini ya lita 6.4, lakini magurudumu yote manne yalishikwa kwa breki za ngoma. Breki za diski zilikuja mwaka 1967, tena kwa mnunuzi aliyekubali kuzilipia zaidi. Ngoma ikipata moto mteremkoni hupanuka na kuziacha breki shuu. Dereva hukanyaga, pedali ikazama, na gari likaendelea na safari yake.

Mwendo ukitoka kilomita 60 kwa saa kufika 80, kazi ya breki huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, ingawa mshale wa dashibodi umesogea kidogo tu. Hapo hajahesabiwa abiria aliyebanwa mlangoni, wala magunia ya mahindi juu ya paa.

Kwa sababu hiyo fedha za kwanza ziende kwenye breki shuu, pedi, mipira ya breki na mafuta yake, ambayo hufyonza unyevu na huchemka upesi yakizeeka. Zifuate tairi na shokamzoba, kisha rejeta isafishwe. Injini ingoje zamu yake. Mama mwenye nyumba akiuliza kwa nini fundi amelipwa kwa nguvu ilhali tairi ni vipara, aulizavyo ndivyo, na ajibiwe kwa hesabu iliyoandikwa.

Siku ya kununua injini, mnunuzi adai hati ya mauzo yenye namba yake, kisha aiandikishe katika kadi ya gari. Askari wa usalama barabarani akikuta namba mbili zisizopatana, ana haki ya kushuku wizi, na gari huweza kulala kituoni huku abiria wakitafuta jingine.